Mchumba Wangu Alikataa Kuachia Kamba Nilipomwamuru

Mhariri, naomba jina langu lisitokee, maana Kisumu ni ndogo na gazeti hili linasomwa hadi kwetu Kombewa, huko Seme. Nina miaka ishirini na saba, ni mpigachapa katika ofisi moja hapa mjini. Nimechumbiwa, ng'ombe wameshafika kwa baba yangu, na harusi ni mwezi ujao. Badala ya kufurahi, nalia kila nikiingia kuoga.

Mchumba wangu, nimwite Ouma, ndiye aliyenipeleka kwenye klabu ya mashua za matanga. Kwetu mwanamke hakanyagi mashua ya wavuvi, eti samaki watakimbia, kwa hiyo nilikua nikiliangalia ziwa kutoka ufukweni tu, kama duka lililofungwa. Siku Ouma aliponikabidhi usukani nilipiga kelele za furaha mpaka watu wakacheka. Kila Jumamosi tulikuwa majini. Cheti cha kwanza na cha pili tulivipata pamoja. Nchi kavu Ouma ni mkimya, lakini kule alikuwa akiimba, na ndiko nilikompendea.

Cheti cha tatu ndicho cha unahodha. Mtahini hutoka Mombasa, mara moja kwa mwaka. Katika mtihani huo mmoja anashika usukani na kuamuru, mwenzake anashika kamba ya tanga na kutii. Asubuhi ilikuwa zamu ya Ouma. Akisema vuta, navuta. Akisema legeza, nalegeza kabla hajamaliza neno. Akapita.

Mchana ikawa zamu yangu. Wakati huo wazee wa kwao walikuwa wamefika kutoka Bondo kumpongeza, wakasimama gatini. Mtahini akatupa mtungi wa plastiki majini, tuuchukulie kuwa ni mtu aliyeanguka. Kazi yangu ilikuwa kurudi na kuisimamisha mashua kando yake. Niligeuza vizuri kabisa. Tulipokaribia nikapaza sauti, "Ouma, achia kamba!"

Wazee wakaangua kicheko. Mmoja akaita, "Omera, ndugu yangu! Kwani siku hizi ni bibi ndio anakutuma?"

Ouma hakuachia. Aliishika kamba kwa mikono miwili akitazama gatini, tanga likabaki limejaa upepo, tukaupita ule mtungi. Nikazunguka tena. Safari hii sikuamuru, nilimsihi. "Tafadhali, achia." Tukaupita tena. Mtahini akafunga karatasi zake, akasema pole, mwaka ujao.

"Kwa nini, Ouma?" nilimuuliza tukikunja matanga.

"Sasa ningefanya nini mbele ya wazee? Na hii ni game tu, nyar Seme. Mimi nimepita, si ni kama sisi wote tumepita?"

Jioni ile nilipika ugali na samaki, nikawanawisha wazee mikono, wakala wakimwita nahodha. Hakuna aliyeniuliza chochote. Ouma alikuwa akicheka nao. Hapo ndipo moyo wangu ulipovunjika, si kule majini.

Nilimweleza baba. "Nyathina, mwanangu," akasema, "ng'ombe iko kwa boma, halafu wewe unaniletea mambo ya kamba?" Mama akasema wanaume wote wako hivyo, nizoee. Mwaka ujao wenyewe sina hakika nao, kwa jinsi magugu maji yanavyozidi kufunika ghuba. Na Ouma ameshaniambia kwamba tukioana atatafuta mwanamume wa kumshikia kamba, mimi nitakuwa nawangojea na chai.

Jamani, msidhani simpendi. Nampenda, na ndiyo maana naumia hivi. Angekuwa mlevi au mpiga wanawake ningekwisha kuondoka. Lakini ni mtu mzuri ambaye alishindwa kunitii kwa dakika moja, na mimi nimeambiwa nimtii maisha yangu yote.

Karibuni mchungaji ataanza kutangaza ndoa yetu kanisani, na kama kawaida atauliza kama kuna mwenye pingamizi. Nyinyi mlioolewa na mlioachika, nishaurini: nikae kimya, au nisimame mimi mwenyewe?