Saa Zilizogeuka Nukta

Kazi yangu hapa Dubai ni ya kukaa. Sibebi ndoo wala sichukuliwi na basi la kampuni. Nakaa ofisini Al Muraqqabat, ghorofa ya tatu, napokea mafaili ya utafiti, nayaingiza kwenye programu ya takwimu, nayasafisha, kisha natoa majedwali ya ripoti. Nyumbani Mombasa wanadhani nimekuwa mtu mkubwa, na nikiri kwamba hata mimi nilikuwa nikidhani hivyo. Nilikuwa mkali kwa makosa ya wenzangu, na ulimi wangu ulijulikana ofisi nzima.

Mwaka mmoja kampuni ya usafi ilitupa kazi ya kuwahoji wafanyakazi wake wanaolala kwenye mabweni ya Muhaisnah. Ilitaka kujua wanatoka saa ngapi na wanarudi saa ngapi. Jengo ambalo watu wake walikuwa nje zaidi ya saa kumi na nne kwa siku lingeongezewa basi la pili, ili waliomaliza kazi mapema wasiwangoje wenzao wa upande mwingine wa mji. Wahoji hawakutosha, kwa hiyo nami Jumapili mbili niliacha kiti changu nikaenda kuwahoji Wakenya na Waganda kwa Kiswahili.

Huko ndiko nilikomkuta mama mmoja wa Uganda, anayesafisha maofisi. Alikuwa akifua sare yake. Alijifuta mikono kwanza ndipo akakaa.

"Saa kumi na moja za asubuhi nakuwa kwa basi, madam," alisema. "Kurudi ni saa tatu za usiku. Kazi inaisha mapema, lakini basi inazunguka mpaka inajaa."

"Niite dada tu."

Hakuniita dada. Alinieleza habari za binti yake wa miaka mitano, anayelelewa na bibi yake kule kwao. Mama akitoka, kule mtoto amelala. Akirudi na kupiga simu, mtoto amelala. Humsikia mara moja kwa wiki, siku ya mapumziko.

"Kwa simu ananiita anti," alisema, akacheka. Mimi nilishindwa kucheka. "Hiyo basi ikikuja, madam, nitakuwa namkuta macho."

Nilimwahidi kwamba maneno yake yatafika. Nikaandika kwenye fomu: kutoka 11, kurudi 3.

Fomu zote alizichapa mwenzetu mmoja wa Kerala, India, tarakimu kwa tarakimu, kama alivyozikuta. Faili lilinifikia Ijumaa, swala inakaribia, na bosi wetu, tunayemwita sir, amesimama mlangoni akisema yalla, yalla, haraka, mteja anangoja. Nililiingiza kwenye programu na kuipa amri yangu ya siku zote: saa za nje zikitokea kuwa chini ya sifuri, ziwe nukta, na mstari wenye nukta usihesabiwe. Nukta kwenye programu ile maana yake ni kwamba hakuna jibu. Sasa, kuna jambo moja ambalo kila mtu wa kazi hii hufundishwa siku ya kwanza: hesabu mistari iliyoingia, hesabu iliyotoka, uone kama inalingana. Siku hiyo sikuhesabu. Nilitoa jedwali, nikalituma, nikaenda zangu kula biriani.

Wiki tatu baadaye kampuni ikatangaza majengo yatakayopata basi. Jengo la yule mama halikuwemo. Nilishangaa, nikalifungua tena faili. Mistari arobaini na mmoja ilikuwa imeachwa nje, na karibu yote ilikuwa ya jengo lile, wanakolala Wakenya na Waganda. Waliobaki kuhesabiwa pale walikuwa wasimamizi wachache, ambao hurudi mapema kwa gari lao dogo.

Hasira zilinipanda papo hapo. Nilimwendea mwenzangu wa Kerala mezani kwake, nikamuuliza, kwa sauti ya kusikika mpaka jikoni, kama alikuwa akichapa huku amelala. Alivuta boksi la fomu, akatoa moja, akaiweka mbele yangu. Kutoka 11, kurudi 3. Mwandiko ulikuwa wangu.

Nyani haoni kundule. Wahoji wengine wote walikuwa wameandika saa kama zinavyosomeka kwenye simu: 5 na 21. Mimi nilisikia Kiswahili nikaandika Kiswahili. Kwetu saa huhesabiwa tangu jua linapochomoza na tangu linapozama, na mkono wangu uliandika hivyo bila kuniuliza. Programu ikaona mtu aliyerudi kabla ya kutoka. Haikulalamika. Ilifuata amri yangu, ikamwondoa.

Niliona aibu mpaka masikio yakawaka. Nilimwomba mwenzangu radhi mbele ya wote waliosikia nikimfokea. "Mafi mushkila," alisema, hakuna tatizo, lakini siku mbili hakunitazama usoni.

Nilizigeuza saa za fomu zangu moja moja, nikaliingiza faili upya, nikahesabu mistari mara tatu. Kwenye mstari wa yule mama, palipokuwa na nukta, pakaja 16. Jedwali jipya nililipeleka kwa sir.

"Ripoti imeshasainiwa. Khalas, imekwisha," alisema. "Tukikiri hili, watauliza tumekosea nini kingine."

Niliogopa, sitaficha. Viza yangu iko mkononi mwake. Lakini mficha uchi hazai. Nilimwambia kosa ni langu na barua nitaiandika kwa jina langu. Akaniambia niandike. Jibu la kampuni lilikuja kwa heshima zote: wameyapokea masahihisho, wanashukuru, ila mabasi ya mwaka huu yamekwisha kukodiwa; jengo hilo litafikiriwa mwakani.

Jumapili nilikwenda Muhaisnah na kompyuta begani. Yule mama nilimkuta palepale kwenye mabeseni. Nilimweleza yote bila kujitetea, nikamwonyesha mstari wake, wa zamani kwanza, halafu mpya. Aliigusa ile nukta kwa kidole.

"Kwa hiyo ni mimi nilisema saa vibaya?"

"Hapana. Wewe ulisema sawasawa. Kuzigeuza ilikuwa kazi yangu, na sikuifanya."

"Na basi?"

"Mwakani, inshallah. Wamesema watalifikiria jengo lenu."

Nilikuwa nimejiandaa kutukanwa, na ningeyapokea matusi yote. Badala yake machozi yalinitoka mimi, niliyekuja kutubu, mbele ya mtu niliyemkosea. Alijifuta povu kwenye gauni lake, akanishika mkono. Kiganja chake kilikuwa kimekauka na kupasuka kwa sabuni za watu.

"Basi, dada, usilie," alisema. Hiyo ndiyo mara ya kwanza aliyoniita hivyo. "Mwakani atakuwa na miaka sita. Ataweza kuningoja macho mpaka saa tatu, hata bila hiyo basi."