Siku Hashimu Aliposikika Redioni

Kwa miaka kumi na tisa, mtu wa mtaa wa Likombe aliyetaka kujua dunia inakwendaje alikwenda kwa Hashimu kinyozi, hata kama kichwani hakuwa na nywele. Mzee Amiri, kuli mstaafu wa bandarini, ana upara unaong'aa kama sahani, na hakukosa asubuhi hata moja. Alikuja, akaketi kwenye benchi la Hashimu, akaegemeza bakora kati ya magoti na kusema, "Haya, tusomee dunia."

Naye Hashimu aliwasomea. Redio yake iliamka kabla ya muadhini. Gazeti la jana alilipata bure kwa mwenye duka, na palipopungua alijazia mwenyewe. Mafuta yakipanda huko yanakochimbwa, yeye ndiye aliyeeleza yatapita bahari zipi mpaka yamfikie mama wa kijijini Mahurunga na chupa yake dukani. Mkono mmoja ulishika mashine ya kunyolea, wa pili ulichora ramani hewani, na aliyekaa kitini alijua kwamba Hashimu akifika kwenye mambo ya bajeti ni heri kutulia, masikio ni mawili tu.

Halafu akaja Mauricio.

Alikuja kutoka Kitaya, kule mpakani kwenye mto Ruvuma, na boksi la spana. Akafungua gereji ya pikipiki chini ya mkorosho, ng'ambo ya barabara, akagongelea mbao mbili kwenye visiki, basi hilo likawa benchi. Bodaboda walipumzika pale. Wauza samaki waliokuwa wakingoja usafiri walipumzika pale. Mwaka haukuisha, hata Mzee Amiri, ambaye hana pikipiki wala hajui kuiendesha, akaanza kupumzika pale.

Hashimu alisema hajali. Alimwambia mkewe, Riziki, kwamba watu wale ni wa kelele, siasa hawaijui. Lakini alipokuwa akimnyoa mtu sikio lake lilikuwa ng'ambo, na likisikia kicheko, mashine ilisimama.

Na watu walikuwa na ya kusema. Mwaka huo kila kitu kilipanda. Kilo ya sukari ilipopungua bei wiki moja, ilirudi ya pili na hasira. Chapati ilibaki bei ileile ila ikawa nyembamba, unaona taa upande wa pili. Wakubwa walisema redioni kwamba uchumi unakua, na bila shaka ulikuwa unakua mahali fulani, maana haukuonekana umesimama Likombe. Mama aliyezoea kununua mafuta ya kula kwa chupa alinunua kwa kipimo cha kijiko, akiangalia pembeni asionwe na jirani ambaye naye amekuja kununua kwa kijiko. Hayo ndiyo mambo ya kupigia kelele, na Hashimu aliyajua yote kwa tarakimu. Lakini siku moja Mauricio, akiwa amelala chali chini ya pikipiki, bila hata kutoa kichwa, alisema hivi:

"Korosho yangu inauzwa mnadani kwa kipaza sauti, wilaya nzima inasikia nimepata ngapi. Mbona sukari haiwekwi mnada? Yenyewe inapanda kimyakimya, nakwenda dukani naikuta imeshafika."

 Benchi lote likalipuka. Kufikia jioni maneno yale yalishafika sokoni, na kesho yake mteja aliyekaa kwenye kiti cha Hashimu akamsimulia yeye, Hashimu, kama kitu kipya.

Kinyozi alihisi ameibiwa. Maneno yale yalikuwa yake. Hakuwahi kuyasema, ni kweli, lakini alikuwa akiyazungukazunguka miaka yote, na huyu mtu ameyaokota akiwa amelala chali!

Uchungu ulizidi kwa sababu hakuwa na ruhusa ya kukasirika. Hashimu ni Mmakua, Mauricio Mmakonde, na makabila hayo ni watani tangu enzi za babu zao. Mtani wako akikutukana unacheka. Mama yake Hashimu alipofariki, Mauricio alijilaza njiani mbele ya jeneza akapiga kelele, "Hapiti mtu! Bibi huyu kanilia dagaa wangu, nani atanilipa?" Waombolezaji walicheka machozi yakiwatoka, wakamtupia sarafu ili apishe, na Hashimu alicheka pamoja nao. Ila baada ya arobaini, kila aliyekumbuka msiba ule alimkumbuka Mauricio.

Sasa, Jumatatu moja likaja tangazo kwamba Alhamisi mtangazaji wa redio atapita mtaani kuchukua maoni ya wananchi juu ya gharama za maisha. Hashimu alinunua daftari. Akajaza kurasa nne. Alhamisi alivaa shati jeupe, akafagia hadi katikati ya barabara, akaupangusa hata waya wa redio.

Mtangazaji alikuwa msichana mpole aitwaye Irene, kinasa sauti mkononi. Alimwamkia Hashimu shikamoo, akakitazama kibanda chake chenye mteja mmoja, kisha akatazama ng'ambo.

"Mzee wangu, yule anayezungukwa na watu ni nani?"

"Fundi pikipiki tu," alisema Hashimu.

"Twende basi wote kule, nipate sauti nyingi."

Hashimu akavuka barabara na aproni yake shingoni kama mbuzi anayevutwa.

Mauricio aliulizwa kwanza. Alifuta mikono kwenye suruali, akasema tairi la nyuma limepanda mara mbili mwaka huu na abiria hataki kuongeza nauli, kwa hiyo kijana wa bodaboda anatembelea tairi lililoisha mpaka waya, na akianguka watasema alikuwa mzembe. Kisha akarudia yale ya mnada wa sukari. Irene alitabasamu mpaka meno ya mwisho yakaonekana.

Zamu ya Hashimu ilipofika alifungua daftari. Akaanza na mapipa ya mafuta ya Uarabuni. Akaenda kwenye thamani ya dola. Alikuwa bado ukurasa wa kwanza alipoona macho ya Irene yanatafuta saa, na kile kinasa sauti kinarudi nyuma polepole, kidogo, kidogo, kuelekea kwa Mauricio.

Akalifunga daftari.

"Na huyu mnayemsikiliza," alisema kwa sauti kubwa, "hata si wa hapa! Amevuka mto kwa mtumbwi usiku, anakula sukari ya magendo, ndiyo maana ana nguvu ya kulalamikia ya kwetu. Mrudisheni kwao ng'ambo, muone kama bei haitashuka!"

Benchi zima likaangua kicheko. Mauricio ndiye aliyecheka kuliko wote, akajibu kwa lafudhi nzito ya Kimakonde.

"Wee Nmakua! Si mlitutangulia nyie? Ntumbwi wenu niliukuta ufukweni una alama za meno, mlikuwa mnautafuna kwa njaa!"

Wakagonga viganja. Mzee Amiri alikohoa kwa kucheka. Utani mtupu, kila mtu alisema, utani mtamu. Mtu mmoja tu pale, Hashimu mwenyewe, alijua kwamba hakuwa anatania.

Kipindi kilirushwa Jumamosi. Watani wanajuana kwa sura, kwa kicheko, kwa babu zao, lakini redio haijui utani. Kipindi kilikuwa kifupi, na katika kukatakata kicheko kikaachwa, na jibu la Mauricio likaachwa. Ikabaki sauti ya Hashimu peke yake, nzito, kavu, ikisema huyu si wa hapa, mrudisheni kwao. Mkoa mzima uliisikia. Ndiyo mara ya kwanza Hashimu kusikika redioni.

Jumatatu Bi Farida, mtendaji wa mtaa, alimwita Mauricio ofisini. Watu wasiomjua walikuwa wamepiga simu, na swali limeshuka kutoka juu: huyu fundi ni raia au si raia? Mauricio alikuwa na namba ya kitambulisho, kadi yenyewe hajawahi kuiona. Mama yake, Laurinda, alivuka mto akikimbia vita vya ng'ambo akiwa mjamzito, akajifungua Kitaya. Kadi ya kliniki ilichukuliwa na mafuriko ya Ruvuma pamoja na kitanda. Akaambiwa alete mtu mzima, asiye ndugu, aliyemjua Kitaya tangu utotoni, na barua ya majibu kwenda juu itaondoka Alhamisi. Akafunga gereji, akarudi Kitaya kutafuta. Wazee aliowategemea wengine walishakufa, wengine walishahama.

Bodaboda, wakikosa pa kukaa, wakavuka barabara.

Jumanne asubuhi benchi la Hashimu lilijaa kama zamani, hata zaidi. Wengine walisimama. Alikuwa ameliota jambo hili miaka miwili, na sasa limekuja. Akawasha redio. Akasema bei ya mafuta inatarajiwa kupanda tena. 

"Wataweza kumrudisha kweli?" kijana mmoja aliuliza.

"Kumrudisha wapi? Huko hajawahi kulala hata siku moja."

"Na mama yake je?"

Hashimu akaongeza sauti ya redio. Mzee Amiri alinyoosha bakora yake, akaizima kwa ncha.

"Hashimu, ulikuwa unatania?"

"Kwani yeye si mtani wangu, mzee?"

"Sijauliza yeye ni nani wako. Nauliza wewe."

Hashimu akaanza kusafisha mashine iliyokuwa safi.

Kulikuwa na jambo ambalo benchi lile halikulijua. Ujanani, kabla ya kuhamia mjini, Hashimu alitembea vijiji vya mtoni na wembe wake, akikodiwa kuwanyoa vijana siku ya kutoka jandoni. Mwaka mmoja, Kitaya, alinyoa vichwa kumi na vinane, na kimojawapo kilikuwa cha mtoto mwenye kovu refu juu ya sikio la kushoto, mtoto wa Laurinda. Kovu lile alilitambua siku ileile Mauricio aliposhusha boksi lake la spana. Hakumwambia mtu. Kwa nini aseme? Mauricio angeonekana kama kijana wake, na watu wangempenda maradufu.

Kwa hiyo mtu aliyekuwa akitafutwa Kitaya nzima alikuwa amekaa Likombe, ameshika kitana.

Jumatano Riziki alirudi kutoka kwa Laurinda, palepale mtaani, hakuvua hata ushungi.

"Baba Saida, yule bibi amefunga mizigo. Nimemkuta amekaa juu yake, katulia kama mtu anayesubiri gari. Nimemwambia mama, hakuna anayekufukuza. Ananiambia, 'Mwanangu, hata mara ya kwanza walisema hivyo hivyo.'"

"Mimi nilitania, mama Saida."

"Mie nimelala na wewe miaka thelathini," alisema Riziki. "Utani wako naujua. Haunukii hivyo."

Alhamisi saa tatu Hashimu alikuwa mbele ya meza ya Bi Farida. Mwanamke huyo hana muda wa kupoteza. Alikuwa na kalamu mkononi na karatasi tayari.

"Afadhali umekuja. Watu wote wamesema ulikuwa utani. Niandike utani, yaishe?"

Mlango ulikuwa wazi kabisa. Angeitikia tu, akarudi nyumbani na heshima yake.

"Ukiandika utani," alisema Hashimu, "hao wa juu si watauliza utani gani, na kama ndani yake kuna ukweli?"

"Wameshauliza."

"Basi usiandike utani. Mimi sikutania. Nilitaka aondoke."

Bi Farida aliinua macho. "Alikukosea nini?"

"Hakunikosea. Andika wivu."

"Wivu? Wa mwanamke?"

"Wa benchi."

Bi Farida akaweka kalamu chini. Hashimu akaendelea harakaharaka, kama mtu anayetapika, akisema kwamba watu walikuwa wake, wakahamia kwa yule, na yule hajui hata bei ya pipa, lakini akisema neno moja wanalikumbuka wiki nzima, na yeye ameandika kurasa nne hakuna anayekumbuka hata mstari. Kisha akasimulia ya Kitaya, vichwa kumi na vinane, kovu juu ya sikio, mama aliyemlipa kwa kuku kwa sababu hakuwa na fedha. Akataja mwaka, na jina la aliyekuwa mwenye jando. Bi Farida aliandika yote, akamsomea, naye akatia sahihi. Hotuba ndefu kuliko zote maishani mwake, na hadhira yake mtu mmoja.

Barua ikaondoka na maneno yale. Wiki iliyofuata jibu lilikuja kwamba fundi aendelee na kazi zake, na kadi yake ifuatiliwe. Laurinda akafungua mizigo. Gereji ikafunguliwa, na kabla jua halijapanda, benchi la Hashimu lilikuwa tupu.

Alijiambia hilo alilitegemea. Hata hivyo, alikuwa na tumaini dogo lililojificha, kwamba safari hii watu watamsema yeye, mtu aliyeweka aibu yake mezani ili kumwokoa mwenzake. Akasikiliza ng'ambo.

"Basi Bi Mtendaji akanisomea barua!" Mauricio alikuwa akisema, huku vijana wameshamzunguka. "Nnasikia, 'Mimi Hashimu naona wivu.' Nkasema Mungu wangu, kanipendea nke! Kumbe kapenda ubao! Ubao wenyewe una nsumari!"

Kicheko kikafika hadi msikitini.

"Halafu anasema kaninyoa jandoni, vichwa kumi, kwa malipo ya jogoo, na mimi nililia..."

Hashimu alisimama na wembe mkononi. Mteja wake, povu usoni nusu, akauliza kuna nini.  Ile ilikuwa aibu yake mwenyewe, ameilipia kwa jasho lake, na tayari imekuwa hadithi ya Mauricio, na kibaya zaidi, alikuwa akiisimulia vizuri. Hashimu akavuka barabara.

"Si kumi!" alifoka. "Kumi na vinane! Na hakuwa jogoo, alikuwa tetea. Na wewe hukulia, aliyelia ni mwenzako wa pembeni, wewe ulining'ata kidole!"

Benchi zima likamgeukia yeye.

"Nilikung'ata?" aliuliza Mauricio, macho yamemtoka. Hilo hakuwa analijua.

Mzee Amiri alisogea, akapiga ubao kwa kiganja kumwonyesha pa kukaa.

"Angalia nsumari, ntani," alisema Mauricio.

Hashimu akakaa, akawaonyesha kidole, akaanza kusimulia tangu mwanzo.