Imeili ya Saa Tisa Alasiri

Eliamini alikuwa mtu wa roho mbaya. Tuseme tu, maana kuzungukazunguka hakumsaidii mtu. Kanisani kwao Akheri, huko mteremkoni Meru, alikuwa mzee wa kanisa, anapitisha kapu la sadaka kwa upole hadi unamwonea huruma. Nyumbani hakuwahi kumpandishia sauti mkewe wala binti yake Rachel. Ofisini Sakina, kwenye kampuni ya utalii alikokuwa mkuu wa magari na safari, napo hakufoka hata siku moja. Sumu yake yote aliiweka kwenye imeili.

Wala si imeili ya papo kwa papo. Kugombana na mtu Jumanne na kumwandikia Jumanne hiyohiyo aliona ni kazi ya vijana wasio na subira. Yeye aliandika Jumanne, akairudia, akaitia makali, kisha akabonyeza pale pa kutuma baadaye na kuchagua Jumapili alfajiri. Ndiyo, Jumapili! Ili mtu aamke, ashike simu, akutane na matusi yaliyonyooka, halafu aende ibadani moyo umevimba. Kama siku hiyo kuna Chakula cha Bwana, Eliamini alifurahi zaidi, maana alijua mtu mwenye kinyongo hasogei mezani kirahisi. Tena alikuwa ameweka mipangilio ya kumjulisha kila ujumbe unapofunguliwa. Jumatatu alifika mapema, akaagiza chai ya maziwa, akaangalia nani kafungua na saa ngapi. Raha yake ilikuwa hiyo.

Kwenye simu yake mwenyewe hakuweka imeili ya kazi. "Kazi ibaki kazini," alisema. Uongo mtupu! Alichoogopa ni kujibiwa akiwa nyumbani.

Aliyezipokea nyingi kuliko wote ni Esther, dada wa kuwapangia wageni safari. Kosa lake aliwahi kucheka kikaoni Eliamini alipokosea jina la mgeni. Basi. Tangu siku hiyo akawekewa zamu ya kila Jumamosi, na Jumapili zake zikaharibiwa moja baada ya nyingine.

Safari hii aliyekuwa kwenye foleni ni mzee Fanuel, mwenye gereji ya jirani inayotengeneza magari ya kampuni. Gari moja lilirudi likivuja oili, Eliamini akampigia simu kulalamika. Fanuel akamjibu kwa adabu zake, "Mzee mwenzangu, Jumamosi sipo, tuna shughuli ya ukoo. Lilete Jumatatu nilifungue mimi mwenyewe."

Mtu mwingine angesema haya, Jumatatu si mbali. Eliamini alisikia neno moja tu, shughuli. Akakaa kwenye kompyuta akamwandikia Fanuel kwamba ni mwizi wa spea, kwamba gereji yake ni pango la walevi, na kwamba yeyote atakayeoana na ukoo wake atakuwa ameoana na aibu. Akaipangia Jumamosi saa tisa alasiri, watu wakiwa na sahani mikononi. Akafunga ofisi akiimba pambio.

Jumamosi hiyo na yeye alikuwa na shughuli. Mika, kijana wa Engutoto, alikuwa analeta posa kwa Rachel. Uchumba wa kwanza wa Rachel ulivunjika barua zikiwa zimeshapokelewa, majirani wakasema waliyosema, na binti akakaa muda mrefu hataki kusikia habari za mwanaume. Huyu Mika alimpenda kweli. Mama mtu alikuwa jikoni tangu jana yake, na usiku alikuwa amepiga magoti kuomba lisitokee jambo.

Wageni wakaingia, nyimbo zikapokelewa, na mkuu wa msafara, baba mkubwa wa Mika, akavua kofia mlangoni. Alikuwa Fanuel.

"Loo! Mzee mwenzangu!" Fanuel akamkumbatia, akacheka mpaka akakohoa. "Kumbe ile shughuli niliyokwambia ni ya kwako!"

Eliamini alicheka naye. Fanuel akaketi kochi la mbele, akatoa simu yake na kuiweka mezani, karibu na soda. Saa nane na nusu ilikuwa imeshapita.

Akaomba udhuru, akatoka kwa mlango wa nyuma hadi migombani. Ofisini alikuwepo mtu mmoja tu, Esther, ambaye yeye mwenyewe alimpanga zamu kwa kumkomoa. Mtandao huko nyuma ni wa kubahatisha, kwa hiyo akampigia akaweka spika, akaishika simu mbele ya mdomo.

"Esther mwanangu, habari za kazi?"

Miaka yote hiyo Esther hakuwahi kuwa mwanawe.

"Shikamoo, bosi. Kuna msiba?"

"Marahaba. Hapana, hapana. Hebu kaa kwenye kompyuta yangu. Kuna imeili imepangwa itoke saa tisa. Ifute, mama."

"Nipe paswedi."

"Zaburi. Herufi kubwa mwanzoni. Halafu ishirini na tatu."

"Bwana ndiye mchungaji wangu," Esther akasema, vidole vikisikika vinagonga. "Haya, nimeingia. Zilizopangwa ziko mbili. Moja ya mzee Fanuel. Nyingine inatoka kesho alfajiri. Hii ni yangu."

"Hiyo usiifungue."

"Nimeshaifungua." Akaanza kuisoma, taratibu, kama anayesoma matangazo ya kanisa. "Esther, wenzako wanasema msiba wa mama yako umekufanya mvivu. Mimi nasema uvivu ulikuwa nao, msiba umekupa kisingizio tu. Mama aliyelea mtu kama wewe alistahili kupumzika."

"Esther, nilikuwa na hasira."

"Mama tulimzika Jumamosi. Kesho yake Jumapili alfajiri ukanitumia kwamba siku zangu za ruhusa zimekwisha. Niliifungua mbio nikidhani unanipa pole. Si uliona nimeifungua saa ngapi?"

"Niliona."

"Hasira gani hiyo ya kusubiri wiki nzima, bosi? Mwenye hasira hulipuka siku hiyohiyo, kesho yake mkapatana. Wewe huna hasira. Wewe unatuchukia tu."

"Futa ya Fanuel, nakusihi. Yuko hapa sebuleni kwangu. Ni posa ya Rachel!"

"Rachel aliwahi kuja hapa ofisini akaniuliza mama alikuwa akiumwa nini. Wewe hukuuliza mpaka leo. Kwa ajili yake naifuta." Kukawa na mlio mdogo. "Imefutika. Ya kwangu naiacha ije. Nimeshazizoea." Akakata.

Eliamini akashusha pumzi. Amepona! Mungu anisamehe kwa kumsema mtu, lakini yule bwana hakumwaza Esther tena hata kidogo. Alichowaza ni kubadilisha paswedi Jumatatu. Akageuka arudi ndani, akamkuta Rachel amesimama kati ya migomba, kavaa gauni lake la posa. Alikuwa ametumwa kumwita.

"Umefika hapo saa ngapi?"

"Kwenye Zaburi," Rachel akasema.

"Mambo ya ofisi hayo, mwanangu. Twende, wageni wanasubiri."

"Baba, mama yake Esther alikufa, na wewe ukaandika hivyo?"

"Nimesema twende. Futa machozi, usituaibishe mbele za watu."

Saa tisa ilipita. Simu ya Fanuel ilikaa kimya pale mezani, na Eliamini akarudiwa na hamu ya kula, akaongeza ndizi nyama mara mbili, akawatania wageni. Baada ya chakula Fanuel akasimama, akasema maneno ya heshima, akafunua blanketi jipya. Katika ukoo ule blanketi la posa hulipokea baba mzazi kwa mikono yake, baada ya binti kuulizwa mbele ya watu wote. Baba akiwa ameshazikwa, hulipokea baba mdogo. Sifaeli, mdogo wake Eliamini, alikuwa amekaa mlangoni na bakuli la loshoro, mahindi yao ya maziwa mgando, hana habari na lolote.

Eliamini akanyoosha mikono.

"Binti yetu," Fanuel akauliza, "mzigo huu upokelewe?"

"Upokelewe," Rachel akasema.

Vigelegele vikalipuka. Rachel akasubiri mpaka vikaisha.

"Apokee baba mdogo."

"Baba yako si huyu hapa, Rachel?" Sifaeli akauliza, akiweka bakuli chini.

"Apokee baba mdogo," Rachel akarudia. Na Fanuel, asiyeelewa kitu, akaligeuza blanketi polepole kuelekea mlangoni, mikono ya Eliamini ikiwa bado imenyooshwa.