Likembe Juu ya Moto

Moshi wa samaki ukitoka jikoni, mimi mkaa-nyumbani, nisiyetoka hata kwa harusi, nafika kwa mawazo Lubunga, ng'ambo ya mto, bila kupanda pirogi.

Tonton, mjomba wangu, mpigaji mzee wa gitaa za umeme, alikuwa amerudi kupiga likembe ya utoto wake, kisanduku chenye ndimi za chuma. Koko, bibi yangu na mama yake, alikuwa ameitunza juu ya moto pamoja na samaki, wadudu wasiitafune. Koko hakuwahi kucheza hata wimbo mmoja wa tonton.

“Papa, utaweza? Vidole yako ilizoea gitaa za hoteli!” koko akamtania mwanawe.

Tonton akakosea. Akaanza tena, vyuma vikalia, na koko huyo, akaruka kucheza, akipaza sauti:

“Bon! Sasa iko muziki!”

Samaki wakaungua. Tuliwala hivyohivyo, tukilamba masizi vidoleni.

Wangu leo wameungua pia. Nimecheza jikoni, kidogo tu.