Siku Niliyomkimbia Marehemu Kule Buswelu

Leo nacheka, lakini siku ile ningeona shimo ningejifukia mwenyewe, maana bibi mwenye wajukuu kukimbia msibani si jambo la kusimulia ukiwa umekaa sawasawa.

Yote yalianza Jumapili moja baada ya ibada. Nje ya kanisa letu la Buswelu, Mwanza, waliweka meza ya kupima macho bure, na Neema, binti wa jirani ambaye ni muuguzi, akaniita, "Shikamoo Mama Koku, pita hapa, dakika tano tu." Nikamjibu, "Marahaba mwanangu, mimi fundi cherehani, natunga uzi kwenye sindano bila miwani, waachie wasioona." Nikapita zangu kidevu juu (nikagonga bega kwenye nguzo ya geti, nikailaumu nguzo).

Basi nyumba yangu ikaanza kunitisha. Kuku anatembea uani, hatua ya tatu hayupo. Nasikia "shikamoo bibi" pasipo na mtu, naitikia marahaba kwa hewa, halafu uso wa mtoto unachomoza kando ya kiwiko changu kama ametoka ukutani. Kwetu Kagera mambo ya mizimu hayasemwi ovyo, kwa hiyo hata binti yangu Koku sikumwambia, nikawa nashona mgongo ukutani mchana kutwa, naogopa.

Ndipo akafariki jirani yetu, Mzee Laurian. Tulimzika, udongo nilimtupia kwa mkono huu huu, tukarudi nyumbani kwake nikabeba sufuria la chai kuwagawia watu, nikatazama kushoto, hakuna mtu, na papo hapo mtu kasimama ubavuni kwangu: Mzee Laurian mwenyewe, na koti lake lile lile, ananyoosha kikombe.

"Niongezee kidogo, mama."

Nilitupa sufuria (chai ikanywewa na nyasi, Mungu mkubwa), nikapiga kelele "Amerudi!", nikawavamia akina mama mkekani, nao wakakimbia (msibani mwenzako akikimbia huulizi), viti vikaanguka, na mchungaji tulimkuta ng'ambo ya uzio.

Kumbe ni mdogo wake marehemu, aliyechelewa kufika kutoka Bukoba, wamemvisha koti la kaka yake kama ilivyo desturi. Alikuwa amesimama pale muda mrefu, ananiita.

Watu wakacheka mpaka machozi. Neema hakucheka. Alinikalisha, akasema, "Tazama pua yangu, usihamishe macho. Nachezesha vidole vingapi?"

"Vidole vipi?"

"Hivi hapa, kando."

Niliona pua yake tu. Kicheko kikaisha pale pale, maana nilielewa kwamba mkono upo na mimi siuoni.

Hospitali wakasema ni presha ya macho. Inakula pembeni polepole, haiumi, katikati inakuachia hadi mwisho, ndiyo maana sindano naiona. Kilicholiwa hakirudi, matone ninayotia kila siku yanalinda kilichobaki. Daktari akauliza, "Ugonjwa huu hufuata damu. Nani kwenu alipofuka?" Nikamkumbuka baba, ambaye sisi tulisema ni uzee.

Meza ya vipimo sitaipita tena, hata wapime kucha. Siku hizi nikisikia shikamoo nageuka mwili mzima kwanza, ndipo naitikia.

Koku nilimkuta kwenye cherehani, nilipomwambia naye akapimwe, aliniambia, "Mama, mimi naona vizuri, uzi natunga mwenyewe." Nilisogea kushoto kwake taratibu, nikainua mkono, nikachezesha vidole, na Koku akaendelea kushona.