Jina la Luhende Kwenye Orodha ya Marehemu

Shule aliyosoma mwanangu Luhende ni ya wavulana, ya Kianglikana, ipo kando ya barabara ya kwenda Magu. Waliopita pale si watu wadogo. Ndani ya kanisa la shule kuna mbao mbili za mninga zenye majina kwa rangi ya dhahabu. Ubao wa kwanza una askofu, majaji wawili, daktari wa upasuaji na mhandisi aliyejenga madaraja. Ubao wa pili ni wa viranja wakuu, na humo, mstari wa nne kutoka chini, ameandikwa Luhende Shimba, 2008.

Kila mwisho wa Agosti shule ina sikukuu yake, na wazazi wa viranja wakuu hualikwa. Nilikuwa sikosi. Luhende hakuwahi kuhudhuria hata mara moja.

Mwaka huu, mlangoni, nilifungwa utepe mweupe mkononi nikapelekwa benchi la mbele kabisa. Nilifurahi. Mke wa mchungaji akanishika mikono yote miwili, akaniambia, "Mungu amekutia nguvu, mama. Wengine wasingeweza kuja." Nikadhani anasema juu ya miguu yangu, maana inavimba siku za joto. Teodora, jirani yangu ambaye tunauza naye mchele soko la Kisesa na Jumapili tunasali naye kanisa hilo hilo, alikaa nyuma yangu. Hakunitania kama kawaida yake. Niliona lakini sikuelewa.

Ibada ilipofika katikati, akasimama Chenge, katibu wa chama cha waliosoma pale, mwenzake Luhende wa darasa moja. Kazi yake ni kusoma majina ya wanafunzi wa zamani waliofariki mwaka ule. Kila jina, kengele inagongwa mara moja. Jina la tatu alisoma, "Luhende Shimba, kiranja mkuu, elfu mbili na nane."

Kengele ikagongwa.

Sikulia. Nilianza kuhesabu. Niliongea naye Jumapili tatu nyuma, akasema ana mafua. Ina maana ni mafua? Nani amemzika? Nilitoka nje katikati ya wimbo nikapiga simu yake. Haipatikani. Nikapiga tena. Haipatikani.

Chenge alinifuata akiwa amekunja karatasi yake.

"Shikamoo mama. Pole sana."

"Nani kakwambia mwanangu amekufa?"

Akaniangalia kama anayeogopa kunivunja. "Mama, nilimpigia wiki mbili zilizopita, kumkumbusha sikukuu. Akapokea mtu mwingine. Akasema mwenye simu alishafariki."

"Na mimi hukuniuliza?"

"Mama, mfiwa haulizwi kama kweli amefiwa. Nilijua unajua."

Hata sasa siwezi kumlaumu. Kwetu ndivyo ilivyo. Ungekwenda kwa mtu na swali kama hilo, ungefukuzwa.

Ngoja niseme Luhende ni nani, ili ieleweke kwa nini sikwenda polisi wala kwa ndugu.

Alizaliwa mwaka ambao baba yake alinunua jembe la kukokotwa na ng'ombe, ndiyo maana babu yake alitaka aitwe jina la jembe hilo, lakini nikakataa. Alikuwa mtoto wa kufungua vitu. Redio ya baba yake aliifungua akiwa na miaka saba, akairudisha ikasema. Shuleni walimpenda kwa sababu ya kuongea. Alisimama mbele ya watu mia nne akatoa shukrani kwa askofu bila karatasi, na mkuu wa shule akasema huyu ni jaji wa tatu. Neno hilo lilimfuata kama mbwa. Alikwenda Dar es Salaam kusoma sheria. Mwaka wa pili alishindwa mitihani, akarudia, akashindwa tena. Alinipigia simu akasema, "Mama, vitabu vile navisoma, havikai." Kisha akaenda Nansio, kule kisiwani, kwa rafiki yake, akajifunza kutengeneza injini za boti za wavuvi. Hakurudi nyumbani tena isipokuwa kumzika baba yake, na siku ile alikaa saa nne tu.

Sasa mimi. Jumapili moja baada ya ibada Teodora aliniuliza mbele ya wanawake wenzetu, "Wakili wetu yuko wapi siku hizi?" Nikajibu, "Yuko Arusha." Sikupanga. Lilitoka tu. Wiki iliyofuata wakauliza kesi zinaendaje, nikasema ni nyingi. Mwaka mwingine nikamnunulia gari, kwa mdomo. Miaka kumi nimemlisha yule wakili wa Arusha, amenenepa, na mwanangu mwenyewe sijui alikuwa anakula nini.

Asubuhi iliyofuata sikukuu nilipanda meli ya Nansio. Safari nzima sikukaa. Nilisimama kwenye chuma cha pembeni nikitazama maji, nikajiambia nikifika nitauliza kwanza kaburi, ili nisije nikafurahi bure.

Sikuuliza kaburi. Pale mwaloni, wavuvi wanaposhushia samaki, nilimwona mwanamke anaanika dagaa, nikamuuliza fundi Luhende anaishi wapi. Akanyoosha mkono bila hata kuinua kichwa. "Yule pale anayetukana injini."

Alikuwa amechutama chini ya kibanda cha mabati, mikono myeusi kwa oili, anaiambia injini maneno ambayo sitayaandika. Amekonda. Mvi zimeanza kando ya masikio. Nilisimama nikamtazama mpaka akahisi.

"Mama?"

"Umekufa lini?"

Aliweka spana chini. Mvuvi aliyekuwa akisubiri injini yake akaona hapakaliki, akasogea kule kwenye mitumbwi.

"Chenge amekwambia."

"Amewaambia watu wote. Wamekugongea kengele. Mimi nimefungwa utepe wa wafiwa, nimekaa mbele, ninatabasamu kama bibi harusi! Nani alipokea simu yako?"

"Mimi."

Niliketi juu ya ndoo.

"Kila mwaka wanapiga," alisema. "'Mheshimiwa, uko mahakama gani sasa? Tukuandike nani?' Mwaka juzi nikasema nasafiri. Mwaka jana nikasema naumwa. Mwaka huu nilikuwa nimeinamia kabureta, jasho linaingia machoni, nikasikia nimechoka. Nikasema amefariki. Chenge akalia, mama. Mtu mzima akalia. Nikashindwa kumrudisha."

"Ungesema tu ni fundi. Kuna aibu gani?"

Hapo aliniangalia, na macho yalikuwa ya baba yake.

"Nirudi Kisesa nikiwa fundi, na wakili wa Arusha umpeleke wapi?"

"Nani amekwambia?"

"Wachuuzi wa mchele hawavuki maji? Mama mmoja alikuja hapa, akanitazama sana, akasema, 'Wewe unafanana sana na wakili mmoja wa Arusha, mtoto wa rafiki yangu.' Nikamjibu watu hufanana duniani. Kule shuleni mimi ni marehemu. Kwako mimi ni mtu mwingine. Nikija, nije kama nani?"

Nilikuwa na maneno mengi tangu kwenye meli. Yote yalikuwa ya kumlaumu. Niliinuka, nikamuuliza jiko liko wapi. Tulikula ugali na sato, akalala chini, mimi nikalala kitandani kwake. Asubuhi alinisindikiza. Nilimwomba aje tuondoe jina lile pamoja. Akasema, "Siwezi, mama. Sio sasa." Sikumlazimisha.

Nilikwenda kwa mchungaji wa shule peke yangu. Alishtuka, akamshukuru Mungu, kisha akatoa daftari kubwa la waliosoma pale. Akapiga mstari juu ya neno "marehemu" kwa rula.

"Tutatangaza Agosti ijayo," alisema.

"Mchungaji, mwaka mzima mwanangu akae kaburini? Alisomwa mbele ya watu. Arudishwe mbele ya watu. Jumapili hii."

Akafikiri, akakubali. Kisha akashika kalamu. "Hapa kuna sehemu ya kazi. Kwa walio hai lazima tujaze. Ni wakili, nadhani? Arusha?"

Kalamu ilikuwa imeshagusa karatasi. Ingekuwa rahisi mno. Ningetikisa kichwa tu.

"Fundi wa injini za boti," nilisema. "Nansio. Hakumaliza sheria. Na usome hivyo hivyo."

Jumapili alisoma hivyo hivyo. Watu walipiga makofi kwa ajili ya uhai, kisha waliposikia kazi, makofi yakapungua kama mvua inayohama. Nilitazama mbele. Nje, Teodora alinisimamisha mbele ya wanawake wale wale.

"Mama Luhende, kwa hiyo Arusha?"

"Hajawahi kufika Arusha."

"Na gari?"

"Hakuna gari. Mimi ndiye niliyedanganya. Yeye hakunituma."

Mwanamke mmoja akacheka, akaziba mdomo kwa khanga. Teodora hakucheka. Alisema, "Miaka kumi ulikuwa unatusimulia nini sasa?" akaondoka zake. Leo asubuhi sokoni ameacha meza moja tupu katikati yetu.

Jioni ile ya Jumapili nilimpigia Luhende. Safari hii alipokea, akasema ni yeye. Nikamweleza yote, hata kile kicheko.

"Walicheka wangapi?"

"Mmoja alicheka kwa sauti. Wengine sijui."

Nilisikia maji na mtu anaita fundi, fundi.

"Na Chenge?"

"Chenge amesema atakupigia kesho. Utapokea?"

"Sijui, mama."

"Akikuuliza uko mahakama gani?"

"Hatauliza tena," alisema. "Ndiyo ninachoogopa. Sijui ataniuliza nini."

Nimewasha simu yangu, nimeiweka karibu. Ni Jumatatu mchana sasa. Hajaniambia kama Chenge amepiga.