Robine ya Hiba

Mi niko mutu wa hasira, hapa Buyenzi wote wanajua. Nakaanga sambusa mbele ya nyumba ya Moza, ambaye sote tunamuita Mama Hiba, na siku ile aliniudhi mpaka sambusa zikaungua.

Hiba alikuwa mutoto wake mumoja tu. Alikufa na kipindupindu kabla hajaanza shule. Baba yake, Hamood, akatoboa ukuta, akapitisha tiyo za maji za plastiki toka jikoni, akaweka robine ya maji upande wa barabara. Kila mupita njia achote bure: sadaka ya maji, thawabu zimufikie mutoto kaburini. Wazee walitawadha pale, mi nilichota maji ya unga wangu pale. Mutu akimaliza kunywa anasema, "Mungu amurehemu Hiba," na mama yake anaitika toka ndani, "Amina." Nimeisikia amina ile tangu niolewe.

Hamood naye akafa. Ndugu zake wakataka mirathi igawanywe, basi nyumba iuzwe. Akaja Hugues, kijana mupole anayefanya kazi kwenye depo moja ya kuwekea bidhaa kule Zone Industrielle. Akazunguka vyumba, akasifu mabati, akafungua robine, maji yakatoka vizuri.

"Napenda nyumba hii, mama. Na robine ya nje nitaiacha, watu wamezoea."

Mi nikasema alhamdulillahi. Kumbe Mama Hiba bado ana maneno.

"Mwanangu, ngoja. Tiyo ni za zamani, zimekauka, zinapasuka ndani ya ukuta. Tunaziba huku, zinavuja kule. Nikikuuzia bila kusema, Mungu nitamujibu nini?"

Nikamuvuta kitenge. "Mama Hiba, nyamaza! Mudomo huponza kichwa. Nani amekuuliza?"

"Assia, we unataka nimutolee mutoto wangu sadaka ya udanganyifu?"

Nikarudi kwenye sambusa zangu, zimeshakuwa makaa.

Hugues alimushukuru, wallahi alimushukuru kweli, na nyumba akanunua. Mama Hiba akahamia Carama kwa dada yake. Halafu akaja fundi, akang'oa tiyo zote, akaweka mpya. Ukuta wa barabara akaukuta umelowa mpaka ndani, akasema ukitobolewa tena utaanguka. Wakauziba na simenti, wakapaka rangi. Nilimutukana fundi yule mpaka koo likakauka. Hugues akaniomba musamaha, mi nikamupa mugongo.

Ijumaa Mama Hiba akatoka Carama kuja kuona watu wanachota. Hakunisalimu, akaenda moja kwa moja ukutani. Akapapasa simenti kwa mikono miwili, juu, chini, hapa, pale, kama mutu aliyepoteza ufunguo.

"Assia, iko wapi?"

Nikamueleza. Akakaa pale pale, kwenye vumbi.

"Mara ya kwanza nilimuzika na watu," akasema. "Leo nimemuzika peke yangu."

Nilitaka kumuambia amefanya haki, Mungu ameona. Nikalia tu, mi Assia, barabarani, watu wakiniangalia.

Baadaye akaniomba maji ya kunywa. Nikaingia ndani, nikainua bido moja ya maji, nikainua ya pili. Zote zilikuwa tupu, maana siku hizi maji tunachota mbali.